Gari Tulivu na Dereva Asiyehisi Mwendo

Ukitoka Kampala kwenda Masaka, ukishapita Kayabwe, barabara hunyooka katikati ya kinamasi cha Lwera, na hapo ndipo utulivu wa gari unapoweza kumpumbaza hata dereva mzoefu. Katika gari la zamani, kilomita 100 kwa saa zilijulikana mwilini: injini ilinguruma, upepo ulivuma madirishani, na usukani ulitikisika mikononi. Gari la siku hizi, lenye vioo vinavyoziba vizuri, kiyoyozi na usukani unaosaidiwa na mota ya umeme, huondoa karibu dalili zote hizo, ilhali kasi ni ileile, yaani mita 28 hivi kwa sekunde. Anayetupia simu jicho kwa sekunde mbili ameshapita mita zaidi ya 50 bila kuiona njia. Tena macho huzoea mwendo: akipunguza hadi 60 anapoingia mji wa Lukaya huhisi kana kwamba anatambaa, wakati watu wanavuka mbele yake.

Sidai kwamba turudi kwenye makelele. Ninachodai ni kwamba gari likimnyima dereva habari, limpe nyingine anayoielewa. Wajapani walilijua hilo. Hadi mwaka 1986 magari yao yalilazimika kuwa na kengele iliyolia mwendo ulipopita takribani kilomita 105 kwa saa.

Hapa Uganda tatizo lina sura ya pekee, kwa sababu magari yetu mengi yametumika Japani kwanza. Ukiwasha, sauti ya mwanamke inakwambia jambo kwa Kijapani, na baada ya wiki chache huisikii tena. Hilo linanihofisha sana, kwani dereva aliyejizoeza kupuuza sauti moja hupuuza kwa urahisi na mlio wa mkanda, kisha taa ya onyo kwenye dashibodi.

Breki za ABS, yaani zile zinazozuia magurudumu yasijifunge na kuteleza, nazo huongea kwa mguu. Ukizikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi, pedali hutetemeka na kugonga, na asiyeambiwa mapema hudhani kitu kimevunjika, akainua mguu wakati anapotakiwa kuendelea kukandamiza. Natamani shule za udereva ziwapeleke wanafunzi kwenye uwanja mtupu wa changarawe, wauhisi mtetemo huo wakiwa na mwalimu, kabla hawajakutana nao kwenye mvua huku boda boda ikiwa mbele yao.