Jiwe Langu Kwenye Foleni ya Leta

Nilifika saa kumi alfajiri nikidhani nimewahi. Uwanja wa shule ulikuwa kimya, hakuna mtu, ila mbele ya mlango wa darasa yalikuwa yamepangwa mawe meusi ya volkano, mstari mrefu uliopinda hadi karibu na lango. Nikainama nisogeze moja nipate pa kusimama.

"Acha hilo, yaya," sauti ikatoka barazani, gizani, ikiniita yaya kama mtu anavyomwita mkubwa wake. "Hilo ni la mama mmoja wa Majengo. Lile lenye kitambaa chekundu ni la baba yangu. Tafuta lako, weka nyuma."

Goma, huku mashariki mwa Kongo, hatukosi mawe. Nikaokota langu, nikalifunga kipande cha mfuko wa plastiki ili nisilipoteze, nikawa wa sabini na kitu.

Ulikuwa mwaka 2005. Tume Huru ya Uchaguzi, chini ya Padri Apollinaire Malu Malu, ilikuwa ikiandikisha wapiga kura Kongo nzima. Desemba 18 na 19 tungepigia kura katiba mpya, na mwaka uliofuata tungemchagua rais. Lakini nisiwadanganye: kwenye ile foleni sikusikia mtu akitaja katiba. Tulifuata kadi. Nchi haikuwa imehesabu watu wake tangu 1984, na vitambulisho vya Zaire vilikuwa vimezikwa pamoja na Zaire yenyewe. Kadi ya mpiga kura ndiyo ingesimama badala ya kitambulisho. Kwa mtu anayesafiri na kukuta kamba imefungwa katikati ya barabara, hilo halikuwa jambo dogo.

Kwetu serikali tunaiita Leta. Ni Kifaransa, l'État, kilichozoea midomo yetu, lakini mgeni akisikia atadhani ni kitenzi, na sisi wenyewe tulikuwa tukitania kwamba Leta haileti, inasema tu: leta. Kodi, leta. Faini, leta. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wangu ulitoka mifukoni mwa wazazi. Kuanzia 1998 mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, wakawa na magavana wao na mihuri yao, nasi tukawaita Leta vilevile. Aliyeshika muhuri ndiye Leta. Mengine yote ulijifanyia mwenyewe, kwa kile tunachokiita kipengele cha kumi na tano: jitafutie.

Vyeti vyangu vilikuwa chini ya lava. Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo iliposhuka hadi ziwani ikipitia katikati ya mji, tulibeba watoto na godoro moja. Hakuna aliyekumbuka karatasi. Kwa hiyo siku hiyo nilikuja na mashahidi, majirani wawili waliokwisha kupata kadi, waseme kwamba mimi ni mimi.

Kwenye saa mbili jenereta ikafika juu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, vijana wawili wakisukuma. Wenye mawe wakatokea kila upande, kila mmoja akasimama nyuma ya jiwe lake. Watu waliokuwa wakimlaani Leta usiku na mchana sasa walikuwa wakisukumana viwiko waingie kwenye daftari lake. Nami nikiwemo.

Mbele yangu kidogo alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alipofika mezani akaulizwa jina, akajibu, na Kiswahili chake kikatoka na lafudhi ya Kinyarwanda. Mwanamume mmoja aliyeegemea dirisha, mikono kifuani, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu ni wa wapi?"

Pakawa kimya. Sheria ya uraia ilikuwa imepitishwa Novemba 2004, ikisema kwamba aliye wa kabila ambalo watu wake na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru ni Mkongomani. Ila sheria ilikuwa Kinshasa, na huyu bwana alikuwa hapa dirishani. Kivu watu walikuwa wameuawa kwa swali hilo hilo.

Mama akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi ya MPR, chama cha Mobutu, ya marehemu baba yake, ile yenye mkono ulioshika mwenge, imechakaa hadi karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Enzi za Mobutu kila raia alikuwa mwanachama tangu tumboni, kwa hiyo sijui ilithibitisha nini. Akaishika kwa mikono miwili.

Nilimfahamu yule mama. Mwanawe mkubwa alikuwa darasani kwangu mwaka wa pili, na pesa yake ilikuwa sehemu ya kile nilichokula. Ningeweza kusema neno. Nikatazama jiwe langu.

Aliyesema ni mzee mmoja wa nyuma kabisa, akitembea polepole hadi mezani. "Binti," akamwambia karani, "shamba la baba yake na langu yanagusana. Andika." Karani akaangalia dirishani, akamwangalia mzee, akaandika. Mama akaweka kidole kwenye kile kioo kidogo, akapigwa picha, akapata kadi. Alipopita karibu nami akainamisha kichwa. "Mwalimu, habari za asubuhi." Nikaitikia nikiwa natafuta kitu mfukoni.

Zamu yangu haikuchukua muda. Hakuna aliyeuliza mimi ni wa wapi.

Jioni nikirudi nilikuta askari wamefunga njia. Mmoja akaichukua kadi yangu, ikiwa bado haina hata mkunjo, akaigeuza huku na huku, akacheka. "Sawa, Leta amekutambua. Sasa leta."

Jumatatu mtoto wa yule mama alikuja na pesa ya mwezi, imekunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Nikachukua kitabu cha risiti. Miezi yote nilikuwa nikiandika "mzazi" tu na tarehe. Nikamuuliza mtoto jina la mama yake linaandikwaje, akanitajia herufi moja moja, nami nikaandika.