Choo kwanza, prednisoloni baadaye

Juzi mwanafunzi wa mazoezi aliuliza kwa nini mgonjwa aliyevimba uso apimwe choo. Nikamkumbuka yule mvuvi wa dagaa wa Ujiji.

Alikuja asubuhi macho yamezibwa na uvimbe. Jioni uvimbe ulihamia miguuni. Mkojo ulitoa povu lisilokatika, kijiti cha kupimia mkojo kikaonyesha protini +++. Wenzake wa mtumbwini walishaamua amerogwa. Sisi tulishaamua prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili ambayo hutumika figo zikivujisha protini. Mzee, mganga mfawidhi, akasema, "Choo kwanza."

Slaidi ya Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo, ilitoa mayai 19 ya kichocho cha tumbo, yale yenye mwiba ubavuni. Tundu la kibao hubeba miligramu 41.7 za choo, kwa hiyo unazidisha mara 24: mayai 456 kwa gramu. Kuanzia 400 ni maambukizi makali. Minyoo hii hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Ini likishakakamaa, damu hutafuta njia za pembeni, na taka za minyoo ambazo ini lingezizuia hufika kwenye figo zikiwa zimeshikana na kingamwili, zikanasa kwenye vichujio. Hapo protini huvuja.

Wengi huishia hapo. Mzee akauliza, "Na wale wanaotembea?" Alimaanisha strongiloidesi, minyoo midogo ya utumbo ambao Kato-Katz huwakosa kwa sababu hutoka na choo wakiwa lava (watoto walioanguliwa tayari), si mayai.

Ili kuwanasa, tukasimamisha faneli, mpira wake wa chini umebanwa kwa kibanio. Juu tukaweka wavu, shashi mikunjo miwili, choo kibichi kama gramu 10, kisha maji ya uvuguvugu mpaka yakagusa shashi. Choo kisitoke kwenye friji: baridi huwaua, na lava mfu hatoki kwenye shashi. Walio hai hufuata uvuguvugu, wakishaingia majini huzama hadi shingoni mwa faneli. Baada ya saa kadhaa Mzee alilegeza kibanio taratibu, akachukua mililita chache. Ukifungua kwa pupa unapata tope. Mashine ya kuzungusha ilikuwa mbovu, kwa hiyo mirija ikaachwa isimame. Tone la chini likawekwa chini ya lenzi ya 10 ya hadubini. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu mmoja akapita akijinyonganyonga kama mjeledi, kona hadi kona.

Mzee akasogea ili kila mtu aone, hata mhudumu wa usafi. "Haya, mpeni prednisoloni mumuue."

Hakutia chumvi. Dawa hiyo hulegeza kinga. Lava huongezeka mwilini bila breki, hutoboa utumbo na kubeba bakteria wake hadi kwenye damu na mapafu.

Tukaanza na ivermektini ya kuua strongiloidesi, miligramu 12 kwa kilo 60 (maji ya uvimbe yakiwemo, ndiyo), yaani vidonge 4 vya miligramu 3. Prazikwanteli, ya kichocho, miligramu 2,400, vidonge 4 vya 600, baada ya kula ili asitapike. Vinne na vinne: mtoa dawa akadhani tumeandika mara mbili, akakata mstari mmoja. Ukarudishwa.

Prednisoloni ikafuata baadaye. Mayai yakaisha, uvimbe ukashuka. Protini ikagoma kwenye ++.

Kichocho kikishaviharibu vichujio, kuua minyoo mara nyingi hakuvirudishi. Au figo zilikuwa na ugonjwa wake na kichocho kilikutwa tu. Kwa wanaofua nyavu ufukweni, si ajabu kukikuta. Kipande cha figo hakikupimwa. Kwenye faili Mzee aliandika sababu zote mbili, kila moja na alama yake ya kuuliza.