Jinsi nilivyoacha kuchungulia simu nikisoma
Aprili nzima sikuwa nasoma. Nafungua daftari la kemia, dakika tano baadaye nimo WhatsApp. Nikazima data, nikaiwasha. Nikamkabidhi dada simu, nikaidai eti mama atapiga. Nikasingizia masika, maana mvua ikipiga bati hapa Dar hata anayekuita mlangoni humsikii.

Tukasafiri kwenda kwa bibi, Lushoto. Simu ilizima chaji Mombo, kabla gari halijaanza kupanda zile kona, na kwa bibi umeme ulikuwa umekatika. Mvua ileile, bati lilelile, lakini nilisoma saa mbili mfululizo! Bibi ana saa ya ukutani. Kumbe nyumbani kila mara nilishika simu nitazame saa tu, ujumbe ukaninasa humohumo.

Niliporudi nilinunua saa ndogo ya mezani, ya betri. Ndipo nikaihamishia simu jikoni, mlio juu ili mama akipiga nisikie. Mvua ikizidi sisomi kimya, nafanya maswali kwa kalamu. Mkono haujali kelele.

Wiki ya tatu sasa. Saa yenyewe inatangulia dakika nne, sijairekebisha.