Kifua kiliuma wiki kibao nikajua ni moyo, kumbe mbavu

Wakuu, mi ni fundi cherehani. Mwaka jana nilipata mafua na kikohozi kile kisichoisha, kikaja kuisha ila kifua upande wa kushoto kikabaki kinachoma, nikivuta pumzi ndefu au nikipiga chafya ndo balaa kabisa. Kila mtu na lake, shangazi anasema kichomi nitafune tangawizi, jirani anasema gesi, na mi kichwani nshajua moyo huo maana kwetu presha ni ya ukoo.

Hospitali dokta akaniambia, "Dada, nioneshe kwa kidole kimoja panapouma." Nikaonesha, pembeni kidogo ya mfupa wa katikati ya kifua. Akapabonyeza palepale, nikaruka, yaani maumivu ni yaleyale! Ila bado akanipima umeme wa moyo, akasema kuuma ukibonyezwa peke yake hakutoshi kusema moyo uko sawa. Kipimo kikatoka safi.

Kumbe mbavu 7 za juu kila upande zinashika kwenye mfupa wa kifua kwa gegedu (ule mfupa laini), na hapo panaweza kuvimba kwa ndani ukikohoa sana au ukibeba vizito. Na ni kawaida mno: tafiti za Ulaya na Marekani zinaonesha kwa wanaoenda kwa dokta wa kawaida na maumivu ya kifua, theluthi mpaka karibu nusu ni misuli na mbavu tu. Wanaokimbizwa dharura hapo hesabu ni nyingine.

Akaniuliza kwanza kama nina vidonda vya tumbo, sina, ndo akanipa brufeni ya siku chache ninywe nikishakula. Nyumbani nakanda na kitambaa cha moto jioni, cherehani nikaiinua kwa matofali nisiiname, kukata vitambaa vizito nikamwachia kijana. Sidiria ya kubana ndo niliiweka pembeni kabisa, hilo hakuna aliyeniambia, nililigundua mwenyewe.

Ilichukua wiki kadhaa, sio siku mbili. Dokta alisema kikianza kubana katikati, jasho linatoka, maumivu yanapanda taya au mkono au pumzi inakata, nisianze kubonyeza mbavu, niende hospitali hapohapo hata kama ni usiku.

Mpaka leo nikishona mapazia mfululizo panagusa kidogo, nakanda, asubuhi nipo kazini.