Protini zinaingiaje ndani ya mitokondria?

Tangu sekondari nilijua kwamba mitokondria ndiyo huipatia seli nishati, lakini swali lililonikaa moyoni kwa miaka mingi ni jingine: protini zake zinaingiaje? Mitokondria ya binadamu ina aina zaidi ya 1,000 za protini, ilhali DNA yake yenyewe, yenye jozi za besi 16,569, ina maelekezo ya kutengeneza 13 tu. Nyingine zote hutengenezwa nje, katika saitoplazimu. Nyingi kati yao hutanguliwa na kipande chenye chaji chanya, ambacho huvutwa na chaji hasi iliyo ndani.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, mhenga wa mitokondria alikuwa bakteria anayejitegemea, ambaye baada ya kuingia katika seli nyingine alipoteza jeni nyingi, na baadhi zikahamia kwenye kiini cha mwenyeji wake. Ndipo ikabidi uwepo mlango wa kuingizia protini.

Kinachonigusa zaidi ni protini iitwayo Sam50. Kazi yake ni kupachika protini zenye umbo la pipa katika utando wa nje kati ya tando mbili za mitokondria, ikiwamo Tom40, ambayo ndiyo tundu kuu la mlango huo. Sam50 ina asili moja na BamA, protini ifanyayo kazi hiyohiyo katika bakteria kama E. coli. Kwa bakteria, mapipa hayo huja kutoka ndani ya seli. Kwa mitokondria huja kutoka nje, kwa hiyo mtu angetarajia Sam50 iwe imegeuzwa. Haikugeuzwa. Protini hupenya kwanza Tom40 hadi kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili, kisha huifikia Sam50 kutoka upande uleule ambao BamA hupokelea mapipa yake. Kwangu mimi, mzunguko huo ni ushahidi wa ukoo ulio wazi kuliko hata mfanano wa maumbo.

Wapo wanaoamini kwamba mtambo wa namna hii usingeweza kuundwa hatua kwa hatua. Lakini katika bakteria Caulobacter crescentus kuna protini TimA na TimB, ndugu wa Tim44 na Tim14 zinazosaidia kuvuta protini ndani ya mitokondria, ingawa kwa bakteria huyo hazimo katika mtambo wa kusafirisha protini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha kwamba badiliko dogo katika TimB linatosha kuiwezesha kushika nafasi ya Tim14 katika hamira.