Gambiti ya Stafford mbele ya Stockfish

Kwa miezi kadhaa, katika sataranji, nilicheza Gambiti ya Stafford, ufunguzi wa kumtoa askari mhanga, karibu kila mara nilipopewa kete nyeusi. Hatua zake hukaririka upesi: 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 Nc6 4.Nxc6 dxc6 (N ni farasi, B askofu, K mfalme, hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari, x ni kula, + ni kumtishia mfalme, na nukta tatu ni hatua ya Mweusi). Mweusi amepoteza askari mmoja, na malipo yake ni kwamba malkia na maaskofu wamefunguliwa njia. Wengi tuliijua kupitia video za mchezaji Eric Rosen, na utamu wake umo katika mitego. Mweupe akicheza 5.d3 Bc5 6.Bg5, akidhani kwamba farasi wa f6 hawezi kuondoka kwa sababu malkia yuko nyuma yake, farasi huyo huondoka vilevile na kula e4. Na mwenye tamaa ya malkia akijibu 7.Bxd8, hufuata 7...Bxf2+ 8.Ke2 Bg4, na mfalme hana pa kukimbilia.

Nilishinda hivyo mara nyingi hata nikajiona fundi. Kisha, katika mchezo wa saa moja kwa kila upande, mzee mmoja ninayecheza naye Jumamosi alitoa askofu wake kwa 6.Be2, akafuatisha c3 na d4 bila haraka yoyote, nami nikabaki na askari pungufu na askofu wa kurudi nyuma tu. Usiku ule ndipo nilipouweka ufunguzi wangu mbele ya Stockfish, injini yaani programu ya kompyuta inayochambua sataranji.

Baada ya hatua ya nne injini ilimpa Mweupe zaidi ya pointi mbili, ilhali kilichopungua ubaoni ni askari mmoja. Jambo hilo lilinitatiza mpaka nilipoelewa kwamba namba ile si hesabu ya kete. Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, kipimo kimepangwa ili 1.00 imaanishe kwamba upande ulio mbele una nusu ya uwezekano wa kushinda, injini ikipambana na injini iliyo sawa nayo. Kwa maana hiyo pointi mbili ni kama hukumu. Lakini yule mzee si injini, wala mimi si injini, na namba peke yake haikuweza kuniambia kwa nini wengine walianguka naye hakuanguka.

Kwa hiyo nilibadili namna ya kuuliza. Niliiagiza programu inionyeshe njia tano bora kwa wakati mmoja, nikaanza kuhesabu ni hatua ngapi zinazomwacha mpinzani salama, na kama miongoni mwazo imo ile ambayo mkono wa mchezaji wa kawaida ungeigusa kwanza. Katika hatua ya tano ya Stafford, d3 inamfaa Mweupe, na Nc3 inamfaa pia. Katika hatua ya sita Be2 ni hatua ambayo mtu huicheza bila hata kufikiri. Mtego wangu ulihitaji mpinzani ajitafutie balaa mwenyewe.

Linganisha na 4.Ng5 dhidi ya Ulinzi wa Farasi Wawili, yaani 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6. Baada ya 4...d5 5.exd5 injini haioni tofauti kubwa kati ya pande mbili, lakini hatua ya kawaida kabisa, 5...Nxd5, ndiyo inayomtia Mweusi matatani, naye hulazimika kujua 5...Na5, yaani kumpeleka farasi pembezoni mwa ubao, mahali ambapo kila anayejifunza hukatazwa kumweka. Huo ndio ufunguzi wa kumsumbua mtu, ingawa namba yake ni ndogo.

Nimejifunza pia kutoiamini namba ya sekunde za kwanza. Huiacha injini ichimbe, kisha hutembea mbele katika njia yake hatua sita au saba na kurudi nyuma, kwa kuwa yale iliyoyaona huko mbele hubaki katika kumbukumbu yake na mara nyingine hubadili hukumu ya mwanzo. Mwishowe hushika upande wa mpinzani na kucheza dhidi ya injini. Nilipochukua kete nyeupe katika Stafford, niliweza kulinda faida yangu kwa hatua kumi na tano hivi. Kwa kiwango changu, hilo lilitosha kunivunja moyo.

Siku hizi Stafford naiweka kwa michezo ya dakika tatu tu. Siku za Jumamosi hucheza 3...d6, njia ya zamani ya Petrov (ufunguzi wa 2...Nf6 ambamo Stafford imo), na baada ya 4.Nf3 Nxe4 askari wangu amerudi. Mzee bado hula e5 harakaharaka, kisha hunitazama kuona kama nitagusa farasi wa b8.