Simu Ikikaa Mezani

Jumapili, usiku

Wiki hii yote nimezunguka na wazo moja: adabu na ustadi wa kila siku ni pacha. Anayemkatiza mwenzake ili atazame skrini, na anayeshindwa kutoa 637 katika 1,000 bila kikokotoo, wana upungufu uleule. Wote wawili wamezoea kuondoka mahali walipo mara tu panapoleta ugumu kidogo. Mazungumzo yakipoa kwa sekunde tatu, mkono mfukoni. Hesabu ikidai tarakimu moja ishikwe kichwani, mkono mfukoni. Njia ikitia shaka, mkono mfukoni. Ule ugumu mdogo ndio uliokuwa ukitufundisha kusubiri, kusikiliza, kukumbuka na kukisia, na sasa tunaukimbia mara kadhaa kwa saa moja.

Nianze na mezani, kwa sababu hapo ndipo kosa linafanyika bila yeyote kuliona. Mwaka 2012 Andrew Przybylski na Netta Weinstein, watafiti wa Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio jepesi. Watu wawili wasiojuana walikaa wakazungumza kwa dakika 10. Kwa baadhi yao simu iliwekwa pembeni, kwa wengine daftari. Simu haikulia, wala haikuwa ya yeyote kati yao. Waliokaa na simu walijiona hawako karibu sana na mwenzao, hasa walipoombwa wazungumzie jambo la maana kwao. Waliolirudia jaribio hilo baadaye hawakupata wote jibu lilelile, kwa hiyo silishiki kama msahafu. Lakini nalielewa. Simu iliyo mezani inamwambia mwenzako kwamba wakati wowote anaweza kuwekwa kando, na mtu aliyeambiwa hivyo hasemi lililo moyoni. Anasema mambo ya juujuu ambayo hayataumia yakikatizwa.

Wengi hudhani kuilaza simu kifudifudi kunatosha. Haitoshi. Mwaka 2017 Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na wenzake waliwapa watu mitihani ya kumbukumbu na kufikiri huku simu zao zikiwa mezani, mfukoni au kwenye mkoba, au chumba kingine. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani, ingawa zote zilikuwa kimya. Hapa pia waliorudia wametofautiana kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo. Hata hivyo kutoinua simu nako ni kazi, na kazi hiyo inalipwa kwa umakini uleule uliopaswa kwenda kwa mzungumzaji.

Kwa hiyo simu iende chumba kingine, au ndani ya mkoba uliofungwa zipu, mbali kiasi kwamba kuifikia kunadai usimame. Ikiwa kuna simu ya lazima unayoisubiri, sema mapema, kabla hamjaanza: “Nasubiri simu ya daktari, ikilia nitatoka.” Kisha ruhusu namba hiyo pekee ilie na uzime nyingine zote, simu nyingi zinaweza kufanya hivyo katika mipangilio ya kutosumbuliwa. Ikilia, simama kwanza, toka, ndipo upokee. Watu hukosea mpangilio huu: hupokea wakiwa wamekaa, wakasema “subiri kidogo”, wakaanza kupita katikati ya wenzao huku wakiongea. Wakati huo tayari wamewakosea wawili, aliyepiga na aliyeachwa.

Kuongea na simu mbele za watu kuna kero ambayo chanzo chake watu wachache wanakijua. Mwaka 2010 Lauren Emberson wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo kunavuruga kazi kuliko kusikia pande zote mbili. Ubongo hupenda kukisia neno linalofuata, na ukikosa nusu ya maneno hukisia bila kupumzika. Jirani yako kwenye basi hana umbea. Masikio yake yamelazimishwa kufanya kazi. Wengine hufikiri dawa ni kuweka spika ya nje ili pande zote zisikike. Hapana, maana sasa anasikika pia mtu wa upande wa pili ambaye hajui kwamba siri yake imeenea basi zima. Ukiweka spika, neno lako la kwanza liwe: “Nimekuweka kwenye spika, na nipo na fulani.”

Na kwa nini tunapiga kelele? Simu za zamani za waya zilirudisha kiasi cha sauti yako kwenye sikio lako mwenyewe, ukajua unasikika. Simu nyingi za mkononi hurudisha kidogo sana, kwa hiyo mtu hupandisha sauti akidhani haifiki. Inafika. Kipaza sauti kikuu kiko ukingo wa chini, na simu nyingi zina kingine karibu na juu, kazi yake ikiwa kusikia kelele za pembeni ili simu izipunguze. Kidole au kasha likikiziba kitundu hicho, kelele zinaingia, mwenzako anasema hasikii, nawe unapiga ukelele zaidi. Ondoa kidole, weka simu shavuni badala ya kuishika mbele ya mdomo kama kioo, ongea kwa sauti ya chumbani.

Vipokea sauti vya masikioni, nitasema kifupi: ukifika kwa mtu anayekuhudumia, toa vyote viwili. Ukiacha kimoja, hajui kama unamsikia, naye atarudia kila neno au atanyamaza.

Meseji nazo zina adabu yake. Salamu iliyotumwa peke yake, kisha kimya mpaka ijibiwe, humfanya mpokeaji akae roho juu. Salimu na useme shida yako katika ujumbe huohuo. Ujumbe wa sauti wa dakika nne ni mzigo kwa anayepokea, kwa sababu sauti haiwezi kupitiwa kwa jicho ili litafutwe neno moja. Kama lazima uongee, jambo kuu liwe katika sekunde kumi za mwanzo, na tarehe, namba na majina uyaandike kwa maandishi chini yake. Atakayehitaji namba hiyo kesho hatalazimika kusikiliza upya habari za mvua.

Sasa njia. Huku ndiko ninakoumia zaidi, kwa sababu ustadi wa kujua ulipo ni wa kale kuliko maandishi, na tunauacha ufe kwa uvivu wa miaka michache. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipiga picha za ubongo wa madereva wa teksi wa London, watu wanaolazimika kuhifadhi mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Mwaka 2020 Louisa Dahmani na Véronique Bohbot walichapisha upande wa pili wa shilingi: waliotegemea zaidi GPS, yaani kuongozwa njia na kifaa, maishani walikuwa na kumbukumbu dhaifu ya mahali walipotakiwa kutafuta njia wenyewe. Kikundi kidogo kilipimwa tena baada ya miaka mitatu, na waliokuwa wameitumia zaidi walikuwa wameshuka zaidi.

Tatizo moja liko kwenye mpangilio mdogo tu. Ramani ya simu hujizungusha ili uelekeo wako uwe juu daima. Dunia nzima inageuka kuwa kushoto na kulia, na akili haipati picha ya mji. Weka kaskazini iwe juu na uiache hapo. Siku chache za kwanza utachanganyikiwa, hasa unapokwenda kusini, maana kulia kwako kutakuwa kushoto kwa ramani. Vumilia. Kuchanganyikiwa huko ndiko kunakojenga picha.

Kabla ya kuondoka, itazame ramani kwa dakika mbili, ushike mambo matatu: idadi ya kona, alama iliyo kabla ya kila kona, na alama ya kupitiliza. Hii ya tatu ndiyo husahaulika. Ni kitu kilicho mbele ya mwisho wa safari yako, daraja au mnara kwa mfano, ambacho ukikiona unajua umezidisha. Asiyekuwa nayo anaweza kutembea dakika ishirini nzima akijipa moyo. Kisha simu mfukoni. Kwenye kila njia panda geuka utazame ulikotoka, kwa sababu njia ya kurudi ina sura nyingine. Wengi hupotea wakirudi kwa kuwa hawajawahi kuiona sura hiyo. Na usishangae simu ikikuweka mtaa wa pili kati ya majengo marefu: mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kufika, simu ikahesabu umbali usio sahihi.

Ukipotea, uliza. Kuuliza si ujinga, lakini kuna namna ya kuuliza. Usinyooshe kidole ukasema, “Kituo ni huku?” Wengi watakujibu ndiyo, kwa upole tu. Uliza: “Nikitaka kwenda kituoni, nipite wapi?” Asiyejua hana njia ya kukubali kwa adabu, itabidi aseme hajui. Akishaeleza, mrudishie maelezo yake kwa maneno yako. Atasahihisha pale ulipokosea, na utayakumbuka kwa kuwa umeyatamka. Mtu aliyelelewa na ramani ya simu hukosa vitu viwili kwa mpigo hapa: hajui njia, na hajui kumwendea mtu asiyemfahamu.

Namba za simu. Ni kitu cha ajabu kwamba mtu anaweza kupiga namba ya mama yake kwa miaka kumi asiijue, ilhali sababu ni rahisi: haipigi, anagusa jina. Shika namba tatu tu, za watu ambao ungewahitaji usiku simu yako ikiwa imezima au imeibwa. Igawe namba ya tarakimu 10 katika mafungu ya 3, 3 na 4, kwa kuwa akili hushika mafungu machache kwa urahisi kuliko mlolongo mrefu. Isome mara moja, funika, iseme. Rudia baada ya dakika moja, dakika kumi, jioni, kesho yake, kisha baada ya wiki. Muhimu ni kuivuta kichwani kabla ya kuitazama. Kuisoma mara ishirini huku iko mbele ya macho hukupa hisia ya kuijua, na hisia hiyo hudanganya; Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006 kwa wanafunzi waliosoma matini, ambapo waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena na tena. Halafu ziandike namba hizo kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, ukiweke kwenye pochi. Penseli, kwa sababu baadhi ya wino huyeyuka karatasi ikilowa.

Hesabu haihitaji kipaji. Kutoa katika 1,000: toa kila tarakimu katika 9, ya mwisho katika 10. Kwa 637 utapata 3, 6, 3, yaani 363. Namba ikiishia na sifuri, iache sifuri hiyo na uanze ya kumi kwenye tarakimu iliyo kabla yake. Hapa ndipo watu huteleza. Asilimia 15 ya 840: asilimia 10 ni 84, nusu yake 42, jumla 126. Na hata ukitumia kikokotoo, kisia kwanza. 48 mara 21 ni karibu na 50 mara 20, yaani 1,000. Skrini ikikuonyesha 10,080, utajua kidole kimegusa sifuri ya ziada, kwa kuwa jibu ni 1,008. Kikokotoo hakikosei, ila hakijui ulitaka kuuliza nini.

Kuhusu gari sina la kujadili. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Meseji ya sekunde tano ni mita 125 za upofu.

Arifa ningezipunguza kwa kigezo kimoja: iliyotumwa na binadamu anayekutaka wewe ibaki, iliyotumwa na programu inayotaka urudi izimwe. Pita programu moja baada ya nyingine kwenye mipangilio. Huchukua kama robo saa. Na saa ya kukuamsha iwe saa ya kawaida, ili simu ilale nje ya chumba. Simu ikiwa ndiyo inayokuamsha, mkono unaigusa kabla hujamsalimia mtu yeyote ndani ya nyumba.

Nabaki na jambo moja dogo, nalo naliona kila mahali watu wanapokaa pamoja. Mtu ameinua simu, mwenzake ameendelea kuongea, kisha yule anarudi akitikisa kichwa na kusema “eeh, eeh” kana kwamba alikuwepo. Mwenzake anajua. Kutikisa kichwa huko huumiza kuliko ile simu yenyewe. Afadhali kuweka simu chini na kusema alipofika: “Nisamehe, sikuwa nakusikia. Uliishia pale kaka yako alipokataa kusaini. Endelea.” Na ili uweze kuyasema hayo, lazima uwe ulikuwa ukisikiliza mpaka hapo kaka alipokataa.